Kiini na Weupe

Katika maisha yangu nimeweka kizingiti cha mlango mmoja mara tatu, na mtu akiniuliza ni elimu ipi iliyonigharimu zaidi, nikiitoa ile niliyolipiwa na wazazi na serikali, nitamjibu bila ya kusita kuwa ni elimu ya kipande cha mti cha urefu wa futi nne, kilicholala chini ya mlango wa mbele wa nyumba ya marehemu mama yangu hapa Bariadi, ambacho wageni na wenyeji walikivuka asubuhi na jioni pasipo hata mmoja wao kuinama akakitazama.

Nyumba yenyewe tuliijenga mwaka 1979, mimi na ndugu zangu wawili, baba akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Bariadi wakati ule ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, na Mkoa wa Simiyu, ambao leo tunaona fahari kuutaja, haukuzaliwa hadi mwaka 2012. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwenye mshahara mdogo na haya nyingi, na haja yangu kubwa ilikuwa kumtoa mama katika nyumba ya nyasi iliyozungukwa na ua wa minyaa, nimtie katika nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la bati kabla uzee haujamfika. Mama hakutaka mengi. Alitaka mlango wa mbele uelekee mashariki, ili jua la asubuhi likiingia limkute ameketi akichambua choroko zake. Tulimtimizia, wala hakuna katika sisi aliyekumbuka kwamba upande huohuo ndio unaotuletea mvua, ambayo ikisukumwa na upepo utokao mbuga za Serengeti haianguki wima bali huja imelala, ikaupiga mlango tangu bawaba ya juu hadi ardhini.

Jambo la pili tusilolifikiri lilikuwa udongo. Wasukuma wameupa udongo wao majina kwa tabia zake, na kila mkulima wa kwetu ajua kuutenga luseni, ambao ni mchanga mwepesi, na itogolo, ambao chini yake pana tabaka gumu lisilopitisha maji, na ibushi yenye chokaa, na mbuga, yaani ule udongo mweusi mzito ambao wakati wa mvua huvimba na kunata miguuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huweza kuingia hadi kiwiko. Kiwanja chetu kilikuwa cha mbuga. Nyumba iliyosimama juu ya mbuga haitulii. Kila mwaka huinuliwa kidogo na kuteremshwa kidogo, na mlango ndio wa kwanza kutoa habari, kwa maana hukwama mwezi wa Desemba ukalegea mwezi wa Agosti. Kwa sababu hiyo fremu yenye miguu miwili mitupu, kama zinavyotengenezwa nyingi siku hizi na miguu yake kuzikwa katika saruji, haifai mahali pa namna hii, kwa kuwa miguu hiyo hutanuka kila mmoja ukaenda njia yake. Kizingiti cha chini ndicho kifungo cha miimo miwili, na pia ndicho kinachozuia maji ya uwanjani yasiingie sebuleni. Kazi mbili hizo, za kubeba na za kuzuia, hupewa ubao ulio karibu na ardhi kuliko mwingine wowote katika nyumba, unaokanyagwa, unaonyeshewa, unaochomwa na jua, na unaopitiwa na mchwa.

Nami katika mahali hapo pagumu niliweka msonobari.

Niliununua Mwanza pamoja na mbao za paa. Ulikuwa umenyooka, mwepesi, laini kwa randa, na bei yake ilikuwa thuluthi ya bei ya mbao ngumu zilizokuwa zimeegemezwa ukutani. Sina nia ya kuutukana msonobari, kwa kuwa mbao zinazotoka katika mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi zimeezeka nusu ya nchi hii, na zikitiwa dawa kwa shinikizo, dawa ile ya shaba, kromi na aseniki inayozama ndani hadi ikageuza rangi ya mti, huweza kusimama ardhini miaka mingi. Wangu niliambiwa umetiwa dawa, nami nikaamini kwa kuona ukijani juu ya ngozi yake. Fundi alipoukata mbele yangu, ndani ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na ukijani haukuwa umeingia hata unene wa ukucha. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza, maana pesa ilikuwa imekwisha toka na mlango ulikuwa ukingojewa. Ukimya ule ndio kosa langu, wala simtwiki muuzaji mzigo wote.

Mchwa hawakuja kwa haraka. Walipanda kutoka katika nyufa za mbuga kiangazi cha pili, wakajenga njia zao za udongo upande wa chini ambako jua halifiki, wakala ubao kutoka tumboni na kuuacha uso wake uliopakwa rangi umesimama kama karatasi. Asubuhi moja ya mwaka 1982 mama alikuwa akiingia na ndoo ya maji kichwani; kisigino chake kikazama katika kizingiti, naye akaanguka kwa mkono wa kushoto. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mkono huo hakikurudia nguvu yake, na hadi anafariki alikuwa akisaga kwa kuegemea mkono wa kulia. Nilipofika kutoka shuleni nikamkuta ameketi kwenye mkeka, amefunga mkono kwa kanga, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa kwamba ndoo haikuvunjika.

Kwa uchungu wa siku hiyo nikaapa kutafuta mti mgumu kuliko yote, na kila mtu niliyemwuliza alinitajia mninga. Jina hilo katika nchi yetu lina heshima ya peke yake. Mninga humea katika misitu ya miyombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma, na ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu. Mbao zake ni za rangi ya dhahabu inayoelekea wekundu, hazipindi zikikauka, hazivimbi sana zikiloa, na seremala huzipenda kama mshonaji apendavyo kitambaa kisichokunjamana. Nikapata ubao wa mninga wa inchi sita kwa tatu, nikalipa karibu mshahara wa mwezi mzima. Upande mmoja wa ubao huo ulikuwa na ukingo mweupe wa upana wa vidole viwili. Nilimwuliza aliyeniuzia, naye akanijibu kuwa mti ni mmoja, huo mweupe na huo mwekundu wote ni mninga. Hakusema uongo. Fundi wetu, akitaka uso mwekundu uonekane na mtu aliye ndani, akaugeuza ule weupe ukawa upande wa nje.

Haukupita mwaka nikaona unga laini ukidondoka katika vitundu vidogo mithili ya vya sindano. Ukingo mweupe ulikuwa umebunguliwa. Kisha maji ya mvua yakaingia katika vitundu hivyo, yakakaa, na kile kilichosazwa na wadudu kikaozwa na ukungu, hata kufikia mwaka 1988 kizingiti kilikuwa na nusu mbili: nusu ya ndani, nyekundu, ngumu, inayolia ukiigonga, na nusu ya nje unayoweza kuichimbua kwa kijiko. Mlango uliinama mbele. Mama akawa anajaza pengo kwa magunia ya pamba wakati wa mvua, na usiku wa mvua kubwa nilimkuta mara mbili ameamka peke yake akikamua magunia yale kwa mkono wake mmoja ulio mzima.

Hapo ndipo nilipomwendea fundi mzee, mtu wa Pangani, ambaye aliletwa Bariadi zamani kutengeneza milango ya maghala ya pamba na hakurudi tena pwani. Alikuwa na kibanda chake karibu na soko, na nyuma ya kibanda palikuwa na kichuguu ambacho majirani walimsihi mara nyingi akibomoe, naye akakataa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaniitikia, "Marahaba, Mwalimu," akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho pasipo kunikatiza. Nilipomaliza kumwuliza mti gani ni bora kwa kizingiti, alinirudishia swali ambalo lilinifedhehesha kwa ukweli wake: "Mwalimu, mtoto akishindwa mtihani, wewe huuliza kwanza jina la ukoo wake?"

Akanieleza kwa utulivu, huku akichonga, kwamba mti ulio hai husafirisha maji katika tabaka zake za nje, na tabaka hizo, ambazo yeye aliziita weupe, zimejaa chakula cha mti na kwa hiyo ni chakula cha kila mdudu. Bali kadiri mti unavyonenepa, tabaka za ndani huacha kazi hiyo, zikafungwa na kujazwa utomvu na uchungu ambao wadudu na ukungu hawauwezi, na hicho ndicho kiini. Weupe wa mninga na weupe wa msonobari, alisema, mchwa hawaoni tofauti. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyekulia kando ya bahari: kwamba mti hauozi kwa sababu ya maji, huoza kwa sababu ya maji yasiyopata njia ya kutoka. Mkuku wa jahazi, akasema, hukaa majini mwaka mzima, na ukipakwa shahamu vizuri wadudu wa baharini wasiutoboe, huishi kuliko nahodha. Pale jahazi linapooza kwanza ni juu, penye pembe za sitaha ambako maji ya mvua hutuama kati ya ubao na ubao. Penye maji tupu hapana hewa ya kuulisha ukungu, na penye ukavu hapana maji. Hatari imo katikati, na kizingiti cha mlango wa nje hukaa katikati hapo maisha yake yote.

Nilidhani angechukua vipimo siku ileile. Badala yake aliniambia nimletee vipande vya kila mti ninaoufikiria, akavichonga vigingi vya urefu wa shubiri mbili, akavichomeka mstari mmoja kando ya kichuguu, akanitaka nirudi mvua zikiisha. Ilikuwa Novemba. Niliudhika sana, kwa maana mama alikuwa akilala na magunia mlangoni, na nilimweleza hivyo. Akajibu kwamba mama amekwisha kungoja miaka 9, na kwamba yeye hatakuwa mtu wa tatu kumdanganya. Jioni hiyo alikuja nyumbani mwenyewe, akagongomelea bati la muda mbele ya mlango, hakutaka malipo.

Mwezi wa Juni, 1989, tulivichomoa vigingi pamoja. Cha msonobari kilikuja mkononi kama ala isiyo na kisu. Cha weupe wa mninga kilikatika kwenye usawa wa ardhi. Mkaratusi ulikuwa umeliwa ngozi lakini ndani umebaki. Mwarobaini uliguswa kidogo. Kiini cha mninga kilitoka kama kilivyoingia, ila rangi yake imefifia. Kigingi cha sita sikukijua, maana si mimi niliyekileta. Kilikuwa kizito, chenye wekundu wa hudhurungi, na udongo ulikiacha kwa kukipangusa mara moja tu kwa kidole. Fundi akanichukua hadi nyuma ya ghala moja kuukuu, akanionyesha boriti iliyokuwa imelala katika nyasi tangu kabla yeye hajafika Bariadi, imetupwa huko paa la zamani lilipobomolewa. Ulikuwa mkongo, ambao watu wa Mombasa na Lamu huuita mbambakofi. Nje uliota kijivu kama jiwe na pembe zake zilikuwa zimelika. Alipopitisha tezo mara tatu, chini ya ule ukijivu pakatokea mti mpya. "Huu," akasema, "umekwisha fanya mtihani wake mbele yetu sote." Mwenye ghala akatuuzia kwa bei ya mbuzi wawili, naye akashangaa kwamba kuna mtu anayelipia kitu alichokuwa akikiona kuni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilisoma kwamba maabara za Ulaya nazo huchomeka vigingi ardhini na kuvingoja kwa miaka, na kwa matokeo hayo wataalamu wao wameipanga miti katika daraja 5 za uimara. Msaji na jamaa za mkongo wa Afrika Magharibi zimo katika daraja la kwanza, msonobari wa kwao umo kati ya la tatu na la nne, na weupe wa mti wowote ule, uwe na jina kubwa namna gani, huhesabiwa kuwa wa daraja la mwisho. Niliposoma sentensi hiyo nilisimama nikatembea uwanjani kwa muda, nikifikiri juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya kile kibanda.

Kazi ya kizingiti ilichukua siku nne, na kila siku nilipotoka shuleni nilikwenda kutazama. Mkongo ni mgumu, huchosha msumeno, na vumbi lake lilitupigisha chafya hata tukafunga vitambaa puani. Fundi alianza kwa kuondoa kila chembe ya weupe, ijapokuwa kwa kufanya hivyo alipoteza robo ya boriti. Akachagua upande ambao nyuzi za mti zimesimama wima zikitazamwa kwenye kichwa cha ubao, kwa kuwa ubao wa namna hiyo haukunjiki kama upinde ukipigwa na jua. Uso wa juu akauteremsha kuelekea nje, tofauti ya nusu inchi kutoka ukingo wa ndani. Upande wa chini, karibu na ukingo wa nje, akachimba mfereji mwembamba unaokwenda urefu wote, ili tone la maji linalojaribu kutambaa kurudi ukutani lifike pale lishindwe kupanda, lidondoke. Matundu ya kupokea ndimi za miimo hakuyaacha yawe vikombe. Aliyatoboa yakapenya hadi chini, maji yakiingia yatoke. Vichwa viwili vya ubao, ambako mti hunywa maji kwa upesi unaopita mara nyingi ule wa ubavuni, alivipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa ikiwa moto, akarudia hata mti ukakataa kunywa. Misumari hakuitumia, alifunga kwa vigingi vya mpingo. Mwisho akakilaza kizingiti juu ya mawe bapa tuliyoyachukua katika milima ya mawe iliyo karibu na mji, kikiwa juu ya uwanja kwa kiasi cha shubiri, penye mwanya wa kupita hewa na wa kuingiza macho, maana mchwa wakijenga njia yao ni lazima mwenye nyumba aione.

Mama alikuja akasimama juu yake kwa miguu miwili, akajitikisa kidogo, kisha akaingia ndani bila ya kusema neno. Baada ya muda akatoka na kuku amemfunga miguu, akamkabidhi fundi kwa mikono miwili.

Kabla hatujaagana fundi alinipa wasia kwamba siku nikifika Unguja nisiitazame nakshi ya milango kama wanavyofanya wageni, nitazame miguu yake. Nilifika huko mwaka 1997, nikatembea vichochoro vya mji ule ambao miaka mitatu baadaye UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, nikayafuata maneno yake. Niliona milango ya msaji ulioletwa na majahazi kutoka India, na mingine ya mfenesi uliomea hukohuko kisiwani, ikiwa na vizingiti vya kimo ambavyo mtu huvivuka kwa kuinua mguu kama avukaye mfereji. Niliona pia kwamba mahali palipotiwa viraka ni palepale: chini, penye maungio, upande unaopigwa na mvua. Mafundi wa kale walilijua hilo, na katika milango kadhaa kiraka kilikuwa kimeungwa kwa ustadi usiopungua ule wa nakshi ya juu. Nilisimama mbele ya mlango mmojawapo muda mrefu hata mwenye nyumba akatoka akaniuliza kama nimepotea.

Sharti nisimulie pia habari ya miti yenyewe, kwa sababu boriti moja nyuma ya ghala si akiba ya mji mzima. Nchi yetu haikuwa tupu kama ionekanavyo. Wazee wetu walisimulia misitu minene mahali ambapo leo ni mashamba ya pamba. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba ikataka ardhi, ng'ombe wakataka malisho, jikoni kukataka kuni, na kufikia miaka ya 1980 watu wa Shinyanga ya wakati huo walikuwa wakipikia mabua na mavi ya ng'ombe. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tulioujua kwa jina la HASHI, jambo la busara lililofanyika lilikuwa kuirudia desturi ya Wasukuma wenyewe ya ngitili, yaani kutenga kipande cha ardhi kipumzike wakati wa mvua ili majani yake yawafae mifugo wakati wa kiangazi, na katika kupumzika huko miti nayo ikainuka kutoka visiki vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili hizo zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nimeona kwa macho yangu kilima kilichokuwa kipara kikivaa majani.

Lakini mti wa kuni hurudi upesi, na mti wa kizingiti hurudi polepole mno. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi ukachipua tena kutoka mizizini kwa miaka kadhaa kabla haujathubutu kuwa mti, na kutoka hapo hadi unene wa kupasuliwa mbao huhesabiwa miaka 75 hadi 100. Kwa sababu hiyo siwezi kusoma ile alama ya nyundo ya maofisa wa misitu iliyogongwa kwenye kichwa cha gogo pasipo kuona uzito wake, na siku hizi mtu akija kuniomba ushauri humwuliza kwanza kama ana mbao kuukuu nyumbani: kitanda kilichovunjika, nira, mlango wa ghala, kwa maana mti uliokwisha kuishi miaka arobaini katika jua na mvua yetu hauhitaji shahidi. Akiwa hana, humwambia anunue kidogo kilicho kiini kitupu, cheti chake cha usafirishaji kikiwa kimekamilika, na mbao za fremu za vyumba vya ndani, ambako mvua haifiki, azitafute za bei nafuu. Wengi huniona mzee mwenye kupenda mambo madogo. Mwenyewe nimepanda mbegu 12 za mkongo katika ngitili ya ukoo wetu, zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watoto huzichezea. 5 zimeota, na ulio mrefu wanifikia kifuani.

Mama alifariki mwaka 2011. Fundi alikuwa amemtangulia kwa miaka 8, nasi tulimzika hapahapa, mbali na bahari. Mwaka 2019 ndugu zangu na mimi tukakubaliana kubomoa nyumba ya zamani, ambayo mbuga ilikuwa imekwisha kuipasua kuta, na kujenga nyingine juu ya msingi wa kina. Mpwa wangu, ambaye ni seremala wa zama hizi na mwenye mashine ya umeme, alikuwa ameandaa mlango wa alumini. Nikamwomba mlango wa mbele uwe wa mti na kizingiti kiwe kilekile. Tulikiinua watu wawili. Miaka 30 ya nyayo ilikuwa imekila katikati kwa kina cha unene wa kidole, na hakuna kingine kilichokigusa: vichwa vyake vilikuwa bado na mng'ao wa nta, na mfereji wa chini ulikuwa na makali kama siku ulipochimbwa.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "kimelika juu, lakini chini ni kipya kabisa. Tukigeuze."

Nikamwomba akigeuze, akiweke juu ya mawe mawili, kisha nikamimina kikombe cha maji. Maji yakaingia katika mfereji, yakakaa. Tukakirudisha kama kilivyokuwa, nikamimina cha pili, yakateremka kuelekea nje hadi ukingoni, yakadondoka. Alitazama bila ya kusema, akaenda kuchukua kikombe cha tatu amimine mwenyewe.

Wakati kilipokuwa kimegeuzwa tulikuwa tumeona karibu na kichwa kimoja michoro midogo iliyokatwa kwa ncha ya patasi, ambayo mpwa wangu aliidhania nakshi iliyoachwa njiani. Mimi nilitambua kuwa ni herufi za Kiarabu, ila sikuweza kuzisoma. Alasiri akapita mwalimu wa madrasa, jirani yetu, nikamwomba ainame atusomee. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akafuata herufi kwa kidole kutoka kulia, akainua uso akatuambia kwamba si Kiarabu, ni Kiswahili, na ni neno moja tu, "chini".